Nani Anampima Mfanyakazi? Historia ya Vipimo vya Ajira na Suala la Akili Mnemba

Katika kila jamii yenye waajiri na waajiriwa, swali la nani apewe kazi na nani anyimwe ni swali la siasa kabla halijawa swali la utawala. Anayeshika kipimo ndiye anayeamua nani ataingia kiwandani, nani atakaa ofisini na nani atabaki langoni akisubiri kuitwa. Kwa muda mrefu kipimo hicho kilikuwa mikononi mwa msimamizi, kisha kikawa mikononi mwa mtaalamu wa mitihani. Siku hizi kimeanza kukabidhiwa kompyuta. Programu za akili mnemba, ambazo wengine huziita akili unde, zinasoma barua za maombi, zinachuja wasifu, zinasikiliza majibu ya usaili, na zinatoa alama za ujuzi wa mtu ambaye hazijapata kumwona akifanya kazi.

Kuhusu jambo hili kuna misimamo miwili potofu. Wa kwanza ni wa wale wanaoiabudu mashine, wakiamini kwamba lolote linalotoka kwenye kompyuta ni haki kwa sababu kompyuta haina chuki wala njaa. Wa pili ni wa wale wanaotaka mashine ipigwe marufuku, kana kwamba kabla ya mashine waombaji wa kazi walikuwa wakitendewa haki. Misimamo yote miwili inatokana na kosa moja, nalo ni kuitazama mashine nje ya historia yake. Katika makala hii tutaifuata historia ya vipimo vya wafanyakazi hatua kwa hatua, kisha tutaeleza yanayotupasa kuyadai leo.

Kipande na saa ya Taylor

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kwenda mbali kutafuta mwanzo. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume wa Kiafrika kuchukua kipande. Kilitiwa ndani ya kibweta cha bati na kuning'inizwa shingoni. Ndani yake ziliandikwa alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuacha. Mwajiri mpya alisoma mshahara wa zamani na akapanga wa sasa kwa kuufuata. Mfanyakazi aliyeacha kazi bila idhini alikamatwa kwa ushahidi alioubeba mwenyewe. Hii ndiyo moja ya sababu zilizoufanya upinzani wa Harry Thuku na wenzake, mwaka 1921 na 1922, uungwe mkono na vibarua wengi.

Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika neno hilohilo lilikuwa na maana ya kadi ya siku 30 za kazi. Kibarua alilipwa kadi ilipojaa, na siku ilihesabiwa pale tu msimamizi alipokubali kwamba kazi imekamilika. Katika nchi zote mbili jambo la msingi lilikuwa moja: karatasi ilizungumza juu ya mfanyakazi, lakini mfanyakazi hakuwa na nafasi ya kuijibu karatasi.

Wakati huohuo, huko Marekani, Frederick Taylor alikuwa akiugeuza upimaji wa kazi kuwa kile alichokiita sayansi. Katika kitabu chake cha mwaka 1911 alieleza jinsi, katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, kibarua mmoja aliyechaguliwa kwa makini alivyotoka kubeba tani 12.5 za chuma kwa siku hadi tani 47.5, na mshahara wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Hata tukiyachukua maelezo ya Taylor kama alivyoyatoa mwenyewe, hesabu inajieleza. Kazi iliongezeka karibu mara nne, lakini malipo hayakufika hata mara mbili. Saa ya Taylor ilipima mkono wa kibarua kwa usahihi mkubwa. Haikuwekwa kupima iwapo mgawanyo wa matunda ya kazi hiyo ulikuwa wa haki.

Mtihani unaojidai hauna upande

Hatua ya pili ilikuwa kupima akili. Mwaka 1905, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa huko Ufaransa mtihani wa kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Nia ilikuwa njema, na Binet mwenyewe alionya kwamba alama za mtihani ule zisichukuliwe kuwa kipimo cha kitu kisichobadilika ndani ya mtoto. Onyo hilo halikusikilizwa. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, wanasaikolojia walioongozwa na Robert Yerkes waliwapima askari wapatao milioni 1.75 kwa mitihani miwili, mmoja wa wanaojua kusoma Kiingereza na mwingine wa wasiojua. Maswali mengi yalihusu maisha ya Marekani, yakiwemo majina ya bidhaa na michezo ya huko. Mhamiaji aliyetoka Italia au Poland miaka michache tu nyuma alishindwa, na kushindwa kwake kukaandikwa kuwa upungufu wa akili.

Mwaka 1923 Carl Brigham alichapisha kitabu kilichotumia takwimu hizo kudai kwamba baadhi ya mataifa ya Ulaya yana akili ndogo kuliko mengine. Mwaka uliofuata Marekani ilipitisha sheria ya kubana uhamiaji kutoka kusini na mashariki mwa Ulaya, na hoja za namna hiyo zilikuwa zikisikika sana wakati huo. Mwaka 1930 Brigham aliandika kwamba hitimisho lake halikuwa na msingi. Lakini milango ilikuwa imekwisha kufungwa.

Funzo kubwa zaidi lilitoka North Carolina. Katika kituo cha kuzalisha umeme cha kampuni ya Duke Power, Wamarekani weusi walikuwa wakiajiriwa katika idara ya vibarua tu, ambako mshahara wa juu kabisa ulikuwa chini ya mshahara wa chini kabisa wa idara nyingine. Tarehe 2 Julai 1965, siku ileile sheria ya kukataza ubaguzi kazini ilipoanza kutumika, kampuni ilianza kuwadai waombaji wapya wa idara zile bora wafaulu mitihani miwili, pamoja na kuwa na cheti cha shule ya sekondari. Mitihani hiyo haikutaja rangi ya mtu mahali popote. Lakini watu weusi, waliosomeshwa katika shule zilizotengwa na kunyimwa vifaa, walishindwa kwa wingi zaidi. Na wazungu waliokuwa wameingia zamani bila cheti wala mtihani waliendelea kuifanya kazi vizuri, ushahidi wa wazi kwamba mtihani haukuwa unapima kazi.

Willie Griggs na wenzake 12 walikwenda mahakamani. Tarehe 8 Machi 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba kipimo kinachowatupa nje watu wa kundi fulani kwa wingi hakiruhusiwi, hata kama mwajiri hana nia mbaya, ila mwajiri athibitishe kwamba kipimo hicho kina uhusiano na kazi yenyewe. Tangu hapo swali la kuuliza halikuwa tena "Je, mwenye kipimo ana chuki?" bali "Je, kipimo kinapima kazi, na matokeo yake yanamwangukia nani?" Ndugu msomaji, swali hili tulishike vizuri. Tutalihitaji.

Kompyuta ya St George's

Watu wengi hudhani kwamba suala la kompyuta kuchagua watu lilianza juzi. Sivyo. Katika chuo cha utabibu cha hospitali ya St George's, mjini London, kulikuwa na waombaji wapatao 2,500 kila mwaka. Dk. Geoffrey Franglen aliona kwamba kazi ya kuchuja maombi inachosha, na kwamba wachujaji hawalingani katika maamuzi yao. Akaandika programu ya kuifanya kazi hiyo, akaikamilisha mwaka 1979. Aliijaribu sambamba na wachujaji binadamu, na ikakubaliana nao kwa asilimia 90 hadi 95. Kufikia mwaka 1982 mchujo wote wa kwanza ulifanywa na kompyuta.

Asilimia hiyo ilichukuliwa kuwa uthibitisho wa haki, kumbe ilikuwa uthibitisho wa kuiga tu. Wachujaji binadamu walikuwa na mazoea ya kuwapunguzia nafasi wanawake na watu wasio wazungu. Programu ilipofanywa ilingane nao, mazoea hayo yaligeuzwa kuwa tarakimu. Jina la mwombaji na mahali alipozaliwa vilitumiwa kukisia asili yake, na jina lisilo la Kizungu likapunguza alama. Kuwa mwanamke kukapunguza alama. Desemba 1986 walimu wawili wa chuo hicho walilifikisha jambo hili mbele ya Tume ya Usawa wa Rangi ya Uingereza. Taarifa ya Tume ilitoka mwaka 1988, ikaeleza kwamba waombaji hadi 60 kila mwaka huenda walinyimwa usaili kwa sababu ya jinsia au asili yao.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza: chuo hiki hakikuwa kibaya kuliko vingine. Kilikuwa na wanafunzi wengi wasio wazungu kuliko vyuo vingi vya utabibu vya London. La pili: ubaguzi ulithibitika kwa sababu ulikuwa umeandikwa ndani ya programu. Katika vyuo vingine mazoea yaleyale yaliweza kuishi vichwani mwa wachujaji, ambako hakuna mkaguzi awezaye kufungua na kusoma. Kwa hiyo mashine ilikosea kwa kuiga, lakini ilisaidia kwa kuacha maandishi. Anayeona upande mmoja tu wa ukweli huu hajaielewa historia ya St George's.

Mashine inayojifunza yenyewe

Akili mnemba ya leo ina tofauti moja kubwa na programu ya mwaka 1979. Programu ile iliandikiwa kanuni zake na mtu. Mashine ya sasa hupewa mifano mingi ya zamani, nayo hujitafutia kanuni ndani ya mifano hiyo. Kwa hiyo makosa ya zamani hayahitaji tena mtu wa kuyaandika. Yanajiingiza yenyewe, tena kwa sura ambayo hata fundi aliyeitengeneza mashine anaweza asiitambue mapema.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa kampuni ya Amazon. Kuanzia mwaka 2014 wataalamu wake walijaribu kutengeneza programu ya kuwapanga waombaji wa kazi, wakaifunza kwa wasifu uliokusanywa katika muda wa miaka 10. Kwa kuwa wengi wa waombaji hao walikuwa wanaume, mashine ilijifunza kwamba mwanamume ndiye anayefaa. Ikawa inapunguza alama za wasifu wenye neno la Kiingereza la "wanawake", kama vile klabu ya wanawake, na za wahitimu wa vyuo viwili vya wanawake. Wataalamu walijaribu kuirekebisha, lakini haikuwepo hakika kwamba isingetafuta njia nyingine ya kubagua. Kikundi hicho kilivunjwa, na habari ikatangazwa na shirika la Reuters mwaka 2018. Kampuni ilisema kwamba waajiri wake hawakuitumia programu hiyo kuamua juu ya waombaji.

Lakini si kila kosa ni la mashine kujifunza vibaya. Mwaka 2023 kampuni ya iTutorGroup ilikubali kulipa dola 365,000 kumaliza shauri lililofunguliwa na tume ya Marekani inayosimamia usawa kazini. Tume ilidai kwamba programu ya kampuni hiyo ilikuwa ikiwakataa papo hapo wanawake wenye miaka 55 au zaidi na wanaume wenye miaka 60 au zaidi. Jambo hilo lilijulikana pale mwombaji mmoja aliyekataliwa alipotuma maombi yaleyale akiwa amebadilisha tarehe ya kuzaliwa tu, na akaitwa kwenye usaili. Hapa mashine haikukosea hata kidogo. Ilitii.

Kadhalika kulikuwa na programu zilizodai kusoma uwezo wa mtu kwa kutazama mienendo ya uso wake katika usaili wa video. Baada ya malalamiko mengi, kampuni ya HireVue, iliyokuwa maarufu kwa biashara hiyo, ilitangaza Januari 2021 kwamba imeacha kuchambua nyuso. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inaziweka programu za kuajiri katika kundi la hatari kubwa, na tangu Februari 2025 inakataza kutumia mashine kukisia hisia za mtu kazini, isipokuwa kwa sababu za kitabibu au za usalama.

"Mashine haina mjomba"

Tukifika hapa baadhi ya vijana watatupinga, na hoja yao ina uzito. Watasema: "Ninyi mnatuhofisha na mashine, lakini sisi tunanyimwa kazi na watu. Tangazo linatolewa wakati nafasi imekwisha kupewa mtoto wa fulani. Usaili unafanywa kutimiza utaratibu. Afadhali mashine, kwa sababu haina mjomba wala shemeji."

Hatuwezi kuipuuza hoja hii. Upendeleo wa ndugu na marafiki katika ajira ni uovu, na maombi yanayopokelewa kwa mtandao, yenye kumbukumbu ya nani aliomba na lini, yanaweza kuupunguza. Lakini hebu tuulize: ikiwa mashine itafunzwa kwa orodha ya walioajiriwa zamani, na orodha hiyo ilijaa wajomba na mashemeji, mashine itajifunza nini? Haitalijua jina la mjomba. Itaijua shule aliyosoma mtoto wake, mtaa aliokaa na Kiingereza anachokiandika. Itawapendelea wanaofanana naye, kisha itaita upendeleo huo sifa. Hapo mjomba atakuwa amepata kazi ya kudumu ndani ya mashine.

Nchi yetu ina historia yake katika jambo hili. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba mtu asiingie Chuo Kikuu kwa alama za mtihani pekee. Alitakiwa kwanza afanye kazi kwa muda wa miaka miwili angalau, na apate mapendekezo ya mahali pa kazi na ya Chama. Shabaha ilikuwa kuvunja kasumba ya kumpima binadamu kwa karatasi moja. Lakini utekelezaji ulionyesha kwamba kipimo kipya nacho kina upande. Idadi ya wanawake walioingia Chuo Kikuu ilipungua, na baada ya miaka michache wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja kutoka shuleni. Katika miaka ya 1980 masharti yakalegezwa zaidi. Tunayakumbuka haya kwa sababu yanafundisha kwamba hata kipimo chenye shabaha njema lazima kihesabiwe matokeo yake. Kosa lile lilionekana kwa kuwa sharti lilikuwa wazi, likajadiliwa hadharani na likaweza kubadilishwa. Sharti lililofichwa ndani ya mashine litajadiliwa wapi?

Mambo yanayotupasa kuyadai

Kutokana na historia hii tunapata mambo matano.

Kwanza, kazi itangulie kipimo. Kabla ya kununua programu yoyote, taasisi iandike kazi yenyewe inahitaji nini, kisha ithibitishe kwamba programu inapima hayo. Fundi wa kuchomelea apimwe kwa kuchomelea. Kwa miaka mingi mafundi wetu walipewa madaraja kwa majaribio ya ufundi, na leo VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Itakuwa kichekesho kumpima fundi huyo kwa mashine inayohesabu ufasaha wa barua yake ya Kiingereza.

Pili, matokeo yahesabiwe kwa makundi. Mwaka 1978 Marekani iliweka kanuni ambayo kila kada anaweza kuitumia kwa kalamu na karatasi. Tuchukue kwamba wameomba wanaume 200, wakapita 100, yaani asilimia 50. Na wanawake 100, wakapita 30, yaani asilimia 30. Gawanya 30 kwa 50, unapata asilimia 60. Ikiwa jibu liko chini ya asilimia 80, kipimo kinatiliwa shaka na mwajiri anatakiwa ajieleze. Jiji la New York, kwa sheria iliyoanza kutekelezwa Julai 2023, huwadai waajiri wanaotumia programu za aina hii wazifanyie ukaguzi huru kila mwaka na kutangaza muhtasari wake.

Tatu, mwombaji aambiwe, apewe sababu na awe na mahali pa kukata rufaa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zote za kulinda taarifa binafsi, zinampa mtu haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Lakini haki isiyojulikana haitumiki. Ni wajibu wa makada na wanafunzi kuzisoma sheria hizo na kuzieleza matawini na vyuoni.

Nne, uamuzi uwe na mwenyewe. Lazima awepo mtu mwenye jina na cheo anayeweza kuulizwa, na mwenye mamlaka ya kulitengua neno la mashine. Mtu anayetia sahihi tu chini ya orodha iliyotolewa na kompyuta si msimamizi. Ni muhuri.

Tano, wafanyakazi washirikishwe kabla mashine haijanunuliwa. Tusisahau pia kwamba mashine hizi zenyewe ni matunda ya jasho. Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza jinsi vijana wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya kuchukiza ili programu maarufu ya mazungumzo isafishwe. Si haki kwamba kijana wa Afrika aifundishe mashine kwa ujira mdogo, kisha mashine ya namna hiyo itumike kumwambia nduguye kwamba hafai kuajiriwa.

Hitimisho

Kipande kilipofutwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1940, hakikufutwa kwa sababu bati liliisha. Kilifutwa kwa sababu waliokivaa walikataa, wakajipanga, wakasema. Griggs na wenzake hawakuipinga mitihani yote. Walidai mtihani uonyeshe unapima kazi gani. Walimu wawili wa St George's hawakuivunja kompyuta. Walidai ifunguliwe ionekane imeandikwa nini.

Huo ndio msimamo tunaopendekeza. Akili mnemba inaweza kutusaidia kusoma maombi elfu kumi kwa siku moja, na inaweza kutuonyesha upendeleo tuliokuwa tukiuficha. Lakini haiwezi kubeba dhamana, kwa sababu haiwezi kuulizwa ikajibu mbele ya watu. Dhamana hiyo ni yetu. Kila mmoja wetu atakapoketi katika kamati ya ajira na kuletewa orodha ya majina yaliyopangwa na kompyuta, kazi yake ya kwanza ni kuuliza majina yaliyoachwa ni ya nani, na yameachwa kwa kipimo gani.